Mke Wangu Ndiye Aliyeonja

Nilifunga karakana mapema siku ile, jua likiwa bado linachungulia juu ya mabati, kwa sababu mke wangu alikuwa ametaja chakula.

Wenye wake wajawazito wanaokula vizuri hawatanielewa. Wangu alikuwa hali. Aliishi kwa chai ya rangi na vipande vya limau, na kule kliniki muuguzi alimpima tumbo kwa utepe, akaguna, akapima tena. Mtoto ni mdogo, alisema. Mama ale. Nasi tulikuwa tumeshapoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka kabla hatujamwambia mtu yeyote. Ya pili ilitoka wakati nimeshamaliza kutengeneza kitanda cha mtoto, nimekipaka rangi na kukikausha, na jirani ndiye aliyekuja kukibeba kwa sababu mimi sikuweza kukigusa. Hii ya tatu ilikuwa imevuka mwezi wa saba. Tulikuwa tunaizunguka kwa kunyata, kana kwamba tukipiga chafya itakimbia.

Basi asubuhi ile, shuka limemfika kidevuni, akaniambia, "Fundi, leo ningepata nyama ya kondoo laini, ya rozimari na kitunguu saumu, nadhani ningekula."

Ananiita Fundi hata tukiwa kitandani. Nilivaa viatu nikicheka peke yangu.

Kazi yangu ni kumalizia samani. Wenzangu wanachonga makabati na vitanda, mimi napiga msasa na kupulizia vanishi. Ni kazi nzuri, ila inakula pua. Mvuke wa vanishi na wa tina ya kuiyeyushia uliniua pua kabisa, na pua ilipokufa ulimi nao ukaifuata. Mkate, nyama, embe bivu, vyote kwangu vikawa kitu kimoja: cha moto au cha baridi, kigumu au laini. Watu walikuwa wakinitania kwamba nina bahati, sisikii harufu ya mitaro. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku moja jiko la gesi lilivuja jioni nzima nami nimekaa pembeni yake nasoma gazeti. Mke wangu ndiye aliyeingia akapiga kelele na kufungua madirisha.

Hata hivyo napenda kupika. Mimi napika, yeye ananionjea, ndivyo tulivyoishi tangu tuoane. Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, nampelekea kijiko, anafumba macho, kisha ananiambia chakula changu kikoje. Chumvi bado. Limau limezidi, unataka kuning'oa meno? Na haishii kwenye chumvi. Ananieleza kila kitu, kitunguu kimekuwaje, mafuta yameingiaje, mpaka naona kama nimekula. Maneno yake ndiyo yaliyokuwa ladha yangu.

Muuza nyama wetu anaitwa Dakika Moja, maana ukimuuliza chochote jibu lake ni hilo, na dakika yenyewe haina mwisho. Nilimkuta anafuta gogo lake.

"Bega la mwanakondoo lipo?"

"Dakika moja."

"Mke wangu anataka kula leo. Ukinichelewesha akabadili mawazo, nitakuja kulala hapa."

Alicheka, akaingia ndani, akatoka na bega dogo lenye mafuta meupe. Alilikata vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto na kunifungia. "Mpe pole shemeji," alisema. "Na usiipike kwa haraka. Kondoo hataki haraka."

"Wewe ndiye wa kuzungumzia haraka?"

Viungo nilivinunua kwa mwanamke mmoja anayekaa chini ya ukuta wa duka la vioo. Nilikuwa nikimwona pale siku zote bila kumtazama. Ana kikapu, gunia la kukalia, na tawi la rozimari ambalo halimtoki mkononi. Alikuwa amelishikilia puani, anavuta pumzi polepole, macho yamelegea.

Nilichagua rozimari kwa macho na vidole, kama kawaida yangu. Nikachagua na vitunguu saumu. Nilipotaka kumpa aweke kwenye karatasi, hakupokea.

"Hunusi?" aliniuliza.

"Samahani?"

"Kila anayenunua majani huyapeleka puani kwanza. Wewe umeyatazama tu, utadhani unachagua misumari."

"Pua yangu ilikufa, mama. Kazi."

"Pole, mwanangu." Alinitazama sana. "Nani anakunusia?"

Sikuona ubaya wa swali. Nilimwambia ni mke wangu, na kwamba hata kuonja ananionjea yeye.

"Anakupa kwa moyo?"

"Kwa moyo wote."

"Basi sawa," alisema. Aliingiza mkono chini kabisa ya kikapu, chini ya gunia lililofunika majani mengine, akatoa fungu dogo la kijani cha majivu. Majani manene yenye vinyweleo, mfano wa sikio la panya. "Hii nyongeza. Itie mwishoni, moto ukiwa mdogo. Na aonje yeye kwanza."

Nilishukuru. Nani anakataa nyongeza? Nilipoyashika majani yale yalikuwa na joto, nikadhani ni kwa sababu yalikaa kikapuni mchana kutwa.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa sebuleni anafuma soksi zisizomfaa mtu mzima. Alikuja kwetu mwezi mmoja nyuma kusubiri mjukuu. Alikuwa mkunga maisha yake yote, na japo amestaafu, mkoba wake wa kazi ulikuja naye, ukakaa chini ya kiti chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia leo tunapikiwa na wewe. Mkwe wangu, jiko si karakana. Usije ukaipiga msasa hiyo nyama."

"Mama, muache," mke wangu alisema kutoka mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, miguu imemvimba mpaka vifundo havionekani, mkono mmoja ubavuni kwa maumivu ya kiuno. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona anatabasamu akiwa karibu na jiko kwa muda mrefu, na moyo wangu ulijaa.

Nikafunga aproni.

Mtu asiye na pua hupika kwa masikio. Niliipangusa nyama kwa kitambaa hadi ikauka, nikaipaka chumvi, nikaitia kwenye sufuria yenye mafuta ya moto na kusikiliza. Nyama yenye maji hulalamika. Ikianza kukauka sauti inakuwa kali na ya haraka, ndipo unaigeuza. Niligeuza kila kipande hadi pande zote zikawa kahawia. Nikatia kitunguu saumu nilichokiponda kwa bapa la kisu, maganda membamba ya limau, rozimari, maji kidogo. Nikafunika na kupunguza moto. Sauti ikashuka ikawa mnong'ono. Hapo unaiacha.

Tulikaa tukiongea. Alinieleza harufu ilivyokuwa inabadilika. "Sasa kitunguu kimelainika. Sasa rozimari imeanza kuja juu, inanikumbusha ule mti wa krismasi wa karakanani kwenu. Mafuta ya kondoo yananuka vizuri leo, hayanitii kichefuchefu." Alijipapasa tumbo. "Na huyu anafurahi. Anageuka utafikiri anatafuta mlango."

Nje giza lilianza kuingia. Niliwasha taa. Nyama ilipoanza kuachana na mfupa, nikachukua lile fungu la nyongeza, nikalitia lote.

Sufuria ikanyamaza.

Moto ulikuwa unawaka, niliuona. Mchuzi ulikuwa unachemka, mapovu yalikuwa yanapanda na kupasuka... lakini hakuna sauti. Niliinamisha sikio. Kimya. Kisha, kana kwamba mtu aliyezuia pumzi ameiachia, mnong'ono ukarudi.

"Nini?" mke wangu aliuliza.

"Hakuna. Hebu onja."

Nilichota, nikapuliza, nikampelekea kijiko. Alifumba macho. Alimeza. Akalamba midomo.

"Vipi?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Akautafuta ulimi wake mwenyewe mdomoni. "Tamu tu," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Hapo ndipo kitu kikanigusa nyuma ya pua.

Mwanzoni sikujua ni nini. Nilidhani nataka kupiga chafya. Kisha kikaja kwa nguvu, chenye makali na utamu pamoja, na jina lake likanijia kutoka utotoni. Kitunguu saumu. Nyuma yake mafuta ya kondoo. Limau. Rozimari, kali, ya kijani, inayofungua kifua. Nilisikia harufu ya sabuni ya vyombo, ya kitambaa kilicholowa, ya vanishi kwenye nywele za mikono yangu, na ya mafuta ya nazi aliyojipaka mke wangu, ambayo sikuwahi kuijua hata siku moja tangu tuoane.

Kijiko kilianguka sakafuni.

"Nasikia," nilisema. "Nasikia harufu! Mama! Nasikia harufu!"

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilipiga magoti nikamnusa mke wangu shingoni kama mwendawazimu, naye akawa anacheka na kunisukuma, na mama mkwe akaja mlangoni na soksi yake akatuangalia, akasema ama kweli uzee ni kuona mengi.

"Nipe tena," mke wangu alisema. "Nataka na mimi nifurahi."

Nikampa kijiko cha pili. Akatafuna, akakunja uso.

"Umeniunguza ulimi, Fundi. Sisikii kitu."

Tukacheka wote watatu. Naapa tulicheka.

Tulikula kwenye meza niliyoipaka vanishi mwenyewe. Mama mkwe alichukua mkate na chai, maana nyama usiku humsumbua tumbo. Mimi nilikula... sijui niseme nini. Mtu aliyekaa gizani miaka, halafu akafunguliwa dirisha, hamuulizi mtu mwangaza ni wa nani. Nyama ililainika ulimini, mafuta yakayeyuka, chumvi ikanikaa pembeni mwa mdomo. Nilisaga mifupa. Mke wangu alikula vipande vitatu vinne kwa juhudi, kisha akasogeza sahani.

"Naona natafuna kitambaa," alisema. "Kula wewe. Nataka nikuangalie unavyokula."

"Mtoto je?"

"Nitakunywa uji baadaye. Kula, mume wangu. Nakupa."

Alisema hivyo. Nakupa. Alisema kwa upendo, akaniwekea sahani yake mbele yangu kwa mikono miwili. Nikala na yake. Nikanyanyuka kufuata sufuria, nikakata mkate, nikaikomba pande zote mpaka chini kukang'aa. Yale majani yenye vinyweleo yalikuwa yamegandamana kitako. Niliyakwangua kwa kijiko nikayala pia. Yalikuwa matamu kuliko vyote.

"Nasikia baridi," mke wangu alisema.

Jioni ile ilikuwa ya joto. Mimi nilikuwa natoka jasho. Nilimletea sweta. Nilipotembea kwenda chumbani kandambili zilinibana, nikazitupa kando. Kiungulia kilikuwa kinanipanda kifuani, nikajiambia ni ulafi wangu. Nilipoinama kumfunga vifungo vya sweta, kiuno kikanishika kwa maumivu hadi nikashikilia meza.

Mama mkwe aliacha kufuma.

Alikuwa anaitazama miguu yangu. Nami nikaitazama. Vifundo vilikuwa havionekani, ngozi imevutika, inang'aa. Kisha akageuka kuitazama ya binti yake. Ilikuwa myembamba, mizuri, miguu ya msichana.

"Miguu imepona!" mke wangu alisema, akiichezesha. "Hata kiuno hakiumi. Mama, nadhani chakula kimenisaidia."

"Mtoto anachezaje?" mama mkwe aliuliza.

"Amelala."

"Tangu saa ngapi?"

Mke wangu aliweka kiganja tumboni. Akakihamisha.

"Tangu... tangu pale jikoni. Amelala, mama. Si ndiyo?"

Mama mkwe alimsaidia kujilaza kwenye kochi, akamfunika, akamwambia afumbe macho apumzike. Halafu alinishika mkono na kunivuta hadi jikoni. Hakuwahi kunigusa kabla ya hapo zaidi ya kunipa mkono. Alichungulia sufuria.

"Ulitia nini humu?"

Nilimwambia. Nilipofika kwenye vinyweleo alifumba macho.

"Nilipoanza kazi," alinong'ona, "niliitwa kwa mama mmoja asiyesikia ladha, asiyesikia baridi, asiyesikia uchungu. Alizaa huku anasinzia. Kilichotoka..." Alichungulia sebuleni. "Kwenye chungu chao kulikuwa na jani la namna hiyo. Mumewe alikuwa mtu wa kuonjewa, alikatazwa chumvi na mganga, basi mkewe ndiye aliyekuwa akionja kila kitu. Mwenzangu aliyenifundisha kazi aliniambia neno moja tu. Kilichopita kwa kijiko hurudi kwa kijiko, kwa chakula kilekile. Aliyeonjewa aonje, kisha amlishe yule aliyempa." Akanikazia macho. "Umebakisha nini?"

Sufuria ilikuwa inang'aa chini ya taa.

"Mkwe wangu. Umebakisha nini?"

Alipitisha kidole kitako cha sufuria, pande zote, akakitazama. Hakikuwa na hata unyevu.

"Kimbia," alisema. "Mfuate aliyekupa."

Nilijaribu kukimbia. Sikuweza. Nilitembea kwa kuyumba, miguu imepanuka, mkono mmoja umeshika kiuno, na watu waliokuwa wanafunga maduka walinipisha bila kujua kwa nini wananipisha. Mtaa mzima ulikuwa unanuka. Mafuta ya taa, ndizi zilizoiva kupita kiasi, jasho, maji ya samaki. Kila harufu ilinipiga usoni, na kila moja nilijua nimempora nani.

Mwanamke wa majani alikuwa anakunja gunia lake.

"Umekuja," alisema bila kushangaa. "Harufu zimerudi?"

"Mama, nipe lile jani jingine. Nipikie chakula kingine, chochote, unirudishie..."

"Jingine sina. Hukubakisha chochote?"

Nilitikisa kichwa.

"Hata mfupa?"

"Hapana."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kuliko kama angecheka. "Huwa hatubakishi," alisema. "Mimi niliulamba mwiko. Miaka sijasikia harufu ya kitu, halafu mtu ananiambia nibakize?"

"Wewe nani alikuwa anakuonjea?"

"Binti yangu."

"Yuko wapi?"

Alipeleka tawi la rozimari puani, akavuta pumzi ndefu.

"Unaisikia ilivyo nzuri?" aliuliza. "Nami nilipewa nyongeza na mtu, mwanangu. Nilikuonea huruma tu. Nilidhani utafurahi."

Akajitwika kikapu kichwani, akaondoka zake. Nilitaka kumshika. Mwili haukunipa nafasi, kiuno kilinibana nikachuchumaa pale ukutani, nahema kwa mdomo, na muuza mitumba aliyekuwa anapita akaniuliza kama niitiwe gari.

Nilipofika nyumbani sebule ilikuwa kimya. Mke wangu alikuwa amelala chali kwenye kochi, gauni limepandishwa, mkono wake umefunika macho kukinga taa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti. Mkoba wake ulikuwa wazi, na ametoa ile pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto. Ameikandamiza tumboni kwa binti yake, sikio lake juu yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye ubao wa kochi, kidole kimoja kimeinuliwa. Ni mazoea yake ya kazi: akiusikia moyo, kidole huufuata, kinagonga mbao pigo kwa pigo.

Kidole kilikuwa hewani.

Akahamisha pembe upande wa pili. Akasikiliza.

Kidole hewani.

Chini ya kitovu. Juu. Ubavuni. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji, nami nikatamani kulivunja. Alikandamiza pembe hadi duara lake likabaki limechorwa kwenye ngozi.

"Mama," mke wangu alisema, mkono bado machoni. "Mbona huanzi? Weka basi pembe."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mama mkwe hadi kidevuni, lakini mkono wake haukutikisika, ulikuwa mkono wa mkunga. Aliinua uso akanitazama pale mlangoni nilipoegemea.

Ndipo kitu ndani yangu kikageuka.

Tumbo langu nalijua. Najua gesi, najua msokoto, najua shibe. Hiki kilikuwa na upande. Kilijikunja, kikajinyoosha, na chini ya mbavu kitu kigumu, kidogo, kikanisukuma kutoka ndani hadi shati likasogea.

Mama mkwe aliliona shati.

Aliweka kidole midomoni, nyamaza. Akaja kwa magoti, polepole, kwenye sakafu, hadi mbele yangu. Mama mzaa mke wangu, aliyekuwa akiona haya hata kula akiwa amenielekea, aliinua shati langu kwa mkono wake, akaniwekea pembe ya mti, akaegemeza sikio.

Mkono wake wa kushoto ulitafuta mbao ya fremu ya mlango.

Kidole kikaanza kugonga.

Haraka. Haraka sana, bila kukosea. Tak-tak-tak-tak-tak...

Kwenye kochi mke wangu aliisikia ile sauti ya kugonga. Mabega yake yalishuka. Tabasamu likamfunguka chini ya mkono, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

"Huyo," alisema. "Huyo! Mama, yuko mzima?"

Mama mkwe hakuondoa sikio. Kidole hakikuacha.

"Yuko mzima, mwanangu," alisema. "Moyo una nguvu."

"Nilidhani tumempoteza. Sikutaka kusema, lakini nilidhani na huyu tumempoteza." Alinyoosha mkono hewani, akinitafuta, macho bado yamefumbwa. "Fundi? Umerudi? Njoo basi umguse."

Nilishusha shati. Nilienda nikapiga magoti kando ya kochi. Alikishika kiganja changu kwa mikono yake ya baridi, akakilaza juu ya tumbo lake, pale palipokuwa na duara la pembe. Ngozi ilikuwa baridi vilevile, na chini yake hakukuwa na kitu kinachosogea.

"Subiri," alininong'oneza. "Subiri kidogo, atakupiga teke."

Nikasubiri.

Akanipiga.

"Umemsikia?" mke wangu aliuliza.

"Nimemsikia," nilimwambia, na sikumdanganya.